Mwaka Tuliogombania Sahani ya Simiyu

Tulimzika mama mkwe wangu mwezi wa nane, upande wa Malakisi, siku ambayo mvua ilitishia tangu asubuhi isinyeshe. Aliyeongoza ibada alipoita wake wa wana wasimame, mimi ndiye mkubwa wao, kwa hiyo nikapewa kipaza sauti. Nikasema kwamba Mama Respa alikuwa mtu wa kazi, na kwamba alinipokea vizuri nilipoolewa, kisha nikarudi kukaa. Watu waliinamisha vichwa wakidhani majonzi yamenizidi. Shemeji yangu akanishika mkono. Majonzi yalikuwepo, sikatai, lakini kilichonifunga mdomo kilikuwa kingine. Nilisimama mbele ya umati ule nikiwa bado sijui, baada ya miaka karibu ishirini, kama mwanamke tuliyekuwa tunamzika nusura amuue mtoto wangu au ndiye aliyenisaidia kumwokoa. Mambo yote mawili niliyaona kwa macho yangu, katika mwaka mmoja, na utawezaje kuyasema kwenye kipaza sauti, watu wakisubiri chakula?

Mwaka wenyewe ulikuwa wa 2005. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na tuliishi Kitale, nyuma ya maghala ya mahindi, ambako mume wangu Barasa alikuwa karani wa mizani. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya mbao. Ukuta wa kututenga na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua siku yao ya nyama na siku yao ya ugomvi. Vumbi la mahindi liliingia mpaka ndani ya chumvi. Simiyu, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na jambo nililotaka kila mtu alijue kwanza ni kwamba alikuwa anakula, kwa sababu kila aliyemwona aliamua kwamba hali kitu. Alimaliza bakuli lake la uji akalilia langu. Ugali aliushika kwa mikono miwili. Barasa alikuwa akicheka, akisema tumezaa trekta. Lakini mikono ya mtoto ilikuwa myembamba kama vijiti vya kuwashia moto, na ngozi ya matakoni ilining'inia kama suruali ya kuazima. Tumbo lilikuwa kubwa. Na lazima niseme habari ya kinyesi, maana ndiyo kiini cha hadithi hii: kilikuwa kingi kupita kiasi, cheupe-cheupe, chenye kung'aa mafuta, na harufu yake iliwafanya majirani wafunge madirisha. Nepi nilizifua kwa maji ya moto mara mbili na bado zilibaki na utelezi. Tena alikohoa tangu alipozaliwa, kikohozi kizito kama cha mzee mvuta tumbaku.

Tulikuwa tumeshatibu kila kitu. Tulitibu minyoo. Tulitibu nimonia, mara nne kama sikosei. Tukaambiwa ni kifua kikuu, tukampa dawa zake miezi sita bila kuruka hata siku moja, zikaisha na kikohozi kikabaki. Miaka ile mtoto akikonda watu hawakuuliza mara mbili. Siku moja nilikuwa bafuni, lile bafu la mabati la ploti nzima, nikasikia wanawake wawili wakifua pale bombani. Mmoja akasema ati yule mama anajitia kumlisha mtoto mayai, na mayai hayatibu ule ugonjwa. Mwenzake akasema hata baba ameanza kukonda. Nilisimama pale na sabuni usoni mpaka walipoondoka. Kesho yake nilienda kupimwa virusi, mimi na mtoto. Hatukuwa nao. Nikarudi baada ya miezi mitatu, hatukuwa nao. Nilipokwenda mara ya tatu, dada wa maabara aliniuliza kwa upole ni jibu gani hasa ninalolitafuta. Sasa naona aibu kulisema hili, lakini nilitoka pale nikiwa nimevunjika moyo. Ule ugonjwa ulikuwa na jina na ulikuwa na kadi yake. Huu wetu haukuwa na chochote.

Kliniki ya kupima watoto uzito ndiko nilikoogopa kwenda kuliko kokote. Kadi ya Simiyu ilikuwa na mstari uliopanda kidogo alipozaliwa kisha ukalala. Muuguzi mmoja aliniuliza mbele ya kina mama wote kama ninampa mtoto uji mtupu halafu mimi nakula nyama. Nikamwambia anakula mayai, maziwa, parachichi, uji wa wimbi wenye njugu za kusaga. Akaniangalia vile mtu anavyoangaliwa akidanganya. Nikaenda nyumbani nikazidisha. Nikatia siagi kwenye ugali, nikamkaangia vidagaa vya omena, nikamchemshia maziwa na malai yake yote juu. Kadiri nilivyozidisha ndivyo alivyozidi kutoa. Kila mafuta niliyotia asubuhi niliyaona jioni kwenye nepi. Ilikuwa kama kumimina maji kwenye chujio, na mimi nikaendelea kumimina kwa sababu sikuwa najua jambo lingine la kufanya.

Mama Respa alifika mwezi wa pili na kikapu cha viazi vitamu na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Hakuitwa na mtu. Alikuwa amesikia tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa maneno machache, na jikoni alitembea kama mtu aliye shambani mwake. Alimchukua Simiyu mapajani, akamwinamia kwenye paji la uso na kukaa hivyo kitambo kirefu, nikadhani anamwombea. Alipoinua uso alikuwa mtu mwingine. Asubuhi yake nikamkuta ameshachemsha maziwa, ameyapoza, na anaondoa malai kwa kijiko, taratibu, mpaka maziwa yakabaki na rangi ya maji ya mchele. Akaniambia mafuta ndiyo yanayomchoma mtoto tumbo. Parachichi akalikataza. Njugu akazikataza. Simiyu akawa anakula uji laini, viazi vya kuchemsha, mchuzi ulioondolewa mafuta yote yaliyoelea. Na nepi zikapungua. Baada ya wiki mbili harufu ilikuwa karibu imekwisha, na jirani yangu akafungua dirisha lake. Nilikaa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, nikajilaumu kwa ujinga wangu, nikamshukuru Mungu kwa mama mkwe anayejua mambo. Kisha nikaenda kliniki na mizani ikasema kilo sita na nusu, naye mwezi uliotangulia alikuwa na saba. Nilimwomba muuguzi ampime tena. Alimpima tena. Tumbo lilikuwa limetulia na mtoto alikuwa anaisha, nami sikuelewa mambo hayo mawili yanawezaje kuwa kweli kwa pamoja.

Mwezi wa tatu, kabla ya mvua ndefu, tulikwenda Malakisi kwa siku chache kusaidia kuandaa shamba. Joto lilikuwa kali na majirani walikuwa wakikausha tumbaku, moshi umelala juu ya njia. Siku ya pili Simiyu alilegea. Hakuwa anaharisha, hakuwa anatapika, hakuwa na homa. Alilegea tu mikononi mwangu kama nguo iliyolowa, macho yamegeuka. Mama Respa ndiye aliyemfunga mgongoni mwangu, na tulipanda pikipiki sisi watatu na mwenye pikipiki mpaka Bungoma. Hospitalini walimtundikia maji, na saa sita mchana akaja daktari wa watoto, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliangalia kadi yote, tangu ukurasa wa kwanza. Halafu akapitisha kidole kwenye paji la uso la mtoto, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na chembe nyeupe. Akaniuliza ukimbusu unasikia nini mdomoni. Nikamwambia chumvi. Nilidhani watoto wote wako hivyo. Huyu ndiye aliyekuwa wangu wa kwanza. Akauliza kama kinyesi kinaelea. Kisha akatugeukia sote wawili, akauliza kama katika familia kuna watoto wengine waliokonda namna hii, wakakohoa, wakafa wadogo. Nikasema kwetu hakuna ninayemjua. Mama Respa alikuwa ameshika ncha ya leso yake. Akasema, "Kwetu hakuna."

Daktari alisema kuna ugonjwa anaoufikiria, lakini aliuona mara moja tu, alipokuwa akisoma, na vitabu vyake viliuita ugonjwa wa wazungu. Akaliandika jina kwenye karatasi, sistiki faibrosisi, nikalisoma njia nzima ya kurudi wodini bila kuweza kulitamka. Alitutuma Nairobi kwa kipimo. Barasa aliomba ruhusa kazini, tukaenda. Kipimo chenyewe kilinishangaza kwa udogo wake: walimfunga Simiyu kitu mkononi, wakasubiri atoe jasho, wakalipima chumvi. Mwezi mzima nilikuwa nimejiandaa kwa kisu. Jibu lilipokuja tulielezwa kwamba kila mmoja wetu, mimi na Barasa, alikuwa amembebea mtoto nusu ya ugonjwa huo bila kujua, na kwamba sisi wenyewe ni wazima. Barasa aliuliza wazungu wameingilia wapi. Aliuliza kwa dhati, si kwa mzaha. Yule aliyekuwa akitueleza akasema hawakuingia popote, ugonjwa haujui rangi ya mtu, ni vile tu huku kwetu watoto hawa hufa na jina la nimonia. Tulirudi tumekaa kiti kimoja. Najua nilichokuwa nawaza mimi: kwamba hakukuwa na wa kulaumiwa, na kwamba hilo lilikuwa gumu zaidi.

Kwa kuwa kliniki ya kila wiki ilikuwa Bungoma, Barasa alirudi Kitale kazini na mimi nikapangisha chumba Bungoma, nyuma ya msikiti, pamoja na Mama Respa. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, kitanda kimoja, godoro moja la chini, na jiko la makaa tuliloliweka nje kwenye baraza kwa sababu daktari alikataza moshi. Jirani yetu, Bi Zainabu, alikuwa mtu wa kukaanga vitu tangu alfajiri, na ndiye aliyetupa samli ya kwanza, kwenye chupa iliyokuwa ya jemu. Hospitalini tulikabidhiwa kwa kijana wa lishe, Bwana Makokha. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwaambia wenye presha na sukari wapunguze mafuta. Siku ya kwanza alituambia ukweli: "Mama, mimi pia nasoma huku nikikuandikia." Alieleza vile daktari alivyomweleza. Ndani ya tumbo la Simiyu kuna kiungo kinachoitwa kongosho, kazi yake kumwaga maji ya kusaga chakula, hasa mafuta. Cha Simiyu kimeziba. Kwa hiyo anakula na chakula kinapita kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Sasa kuna dawa, vidonge vyenye punje ndogo ndani, ambavyo hufanya kazi ya kongosho. Akila pamoja nazo, basi apewe chakula karibu mara mbili ya mtoto mwingine, na mafuta kila mahali: samli kwenye uji, siagi kwenye ugali, maziwa na malai yake, parachichi, mayai ya kukaanga, njugu na simsim zilizosagwa, na chumvi ya ziada siku za jua. Nilimuuliza mara tatu kama amesema mafuta. Nilimwambia nilishampa mafuta yakamharisha, mama mkwe akayatoa akatulia. Makokha akakuna kichwa. Akasema alitulia kwa sababu hakukuwa na kitu cha kutoka.

Ungefikiri mambo yalinyooka pale. Vidonge vilikuja kutoka Nairobi kwa basi, ndani ya katoni iliyofungwa kwa utepe, na mimi, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kumeza kidonge, nikavifungua nikazitwanga punje kwa kijiko mpaka zikawa unga, nikazichanganya na uji moto. Nilijiona mwerevu. Baada ya siku tano Simiyu alikuwa na vidonda pembeni mwa mdomo na matako yamechubuka mekundu, na nepi hazikubadilika hata kidogo. Mama Respa alimpaka mafuta ya nazi, akasema dawa inamla mtoto. Hata mimi hivyo ndivyo nilivyoona. Daktari aliposikia alishika kichwa. Punje hazitwangwi, hazitiwi kwenye kitu cha moto. Hufungwa ndani ya kitu chachu na laini, mtoto anameza bila kutafuna, kisha anafutwa mdomo. Nikawa naponda matunda damu, natia punje kijiko kimoja, nampa, nafuta mdomo kwa kitambaa, halafu ndipo Mama Respa analeta sahani kutoka barazani. Vidonda vikapona. Mwezi wa sita ukaisha, wa saba ukaingia katikati, na mizani ya Makokha ikabaki palepale, kilo sita na nusu, sita nukta sita, sita na nusu. Daktari alinihoji kama ninapima dawa sawasawa. Akaniongezea dawa. Nikaanza kuhesabu vijiko kwa sauti nikiwa peke yangu. Nilifikiri labda Nairobi walikosea. Nilifikiri labda wale wanawake wa bombani walikuwa na haki na maabara ndiyo iliyokosea.

Siku ya kujua ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimeenda kituo cha mabasi kuchukua katoni ya dawa, nikaambiwa haijafika, nikarudi mapema. Mama Respa alikuwa barazani, Simiyu amekaa mbele yake kwenye mkeka. Bakuli la uji niliouacha tayari, wenye vijiko vitatu vya samli, lilikuwa mapajani mwake, na alikuwa anaichota samli iliyoelea juu na kuitia kwenye kikombe. Kikombe kilikuwa karibu kujaa. Hakushtuka. Hakukificha. Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

"Namtolea sumu," akasema. "Mafuta ndiyo iliua wale wengine."

Nikamuuliza wale wengine akina nani. Akaweka kijiko chini. Simiyu akalivuta bakuli, akaanza kula kwa mkono, na hakuna kati yetu aliyemzuia.

Aliniambia kila kitu palepale, bila kulia, akiangalia ukuta wa msikiti. Kabla ya Barasa alizaa watoto wawili. Wa kwanza msichana, Nafula. Wa pili mvulana, Wanjala. Wote wawili walikula kama siafu na kukonda, wote walikohoa, na wote ukiwabusu ulisikia chumvi. Ile siku ya kwanza Kitale, alipomwinamia Simiyu, alikuwa anaonja. Nafula alipokufa, watu wa nyumba ya mumewe walisema mwanamke huyu ana damu mbaya. Wanjala alipokufa, walimrudisha kwao, akakaa huko mwaka mzima kabla mumewe hajamfuata. Barasa alizaliwa baada ya hapo, mzima, na tangu siku hiyo majina ya wale wawili hayakutajwa tena nyumbani. Barasa hakujua kwamba aliwahi kuwa na dada na kaka waliomtangulia. Ndiyo sababu alimdanganya daktari: aliona akisema ndiyo, yote yataanza upya, na safari hii atarudishwa kwao akiwa mwanamke mzee. Nikamwambia Nairobi walisema hatuna kosa, na kwamba nusu moja ilitoka kwangu. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia mvua kwa mbali. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo sijapata jibu lake.

"Yule wa kwanza nilimpa kila kitu. Maziwa, samli, mayai, kila kitu. Akaisha. Yule wa pili, dresa mmoja wa zahanati akaniambia toa mafuta, nikatoa. Akaishi mwaka moja zaidi ya dadake. Sasa wewe na hawa watoto wa hospitari mnaniambia nirudishe. Mama Simiyu, wewe ungefanya nini?"

Nilikuwa nimejaa hasira. Wiki saba alikuwa amechota samli ile, wiki saba mtoto wangu akipewa dawa ya kusaga mafuta yasiyokuwepo, na daktari akiniangalia mimi kama mwongo. Nilitaka kumwambia afunge kikapu chake aende. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Hakuwa amebuni, alikuwa amezika wawili na kuhesabu. Kama mimi ningezika wawili, ningemsikiliza kijana anayesoma huku akiandika? Nilitembea mpaka barabarani nikarudi, mara mbili tatu. Nikagundua kwamba siwezi kulinda bakuli kila saa, na kwamba mtu anayeondoa mafuta kwa mapenzi hawezi kuzuiwa. Nikamwambia kuanzia siku hiyo atamlisha yeye mwenyewe. Atafungua vidonge yeye, ataponda matunda damu yeye, atatia samli yote kwa mkono wake, na kila Jumanne atamweka mtoto kwenye mizani yeye. Mwezi mmoja tu. Mtoto akipungua, mimi mwenyewe nitaimwaga samli na sitataja mafuta tena. Nilimwahidi hivyo juu ya uhai wa mtoto wangu, nikiwa sijui hata kidogo kama nina haki. Mwishowe akasema, "Nifundishe hiyo kufungua vidonge."

Wiki ya kwanza mizani haikusogea. Wiki ya pili alikuwa ameongeza gramu mia mbili, na Mama Respa akamwambia Makokha mizani yake imechakaa, ampime kwenye nyingine. Wiki ya tatu kikohozi kilirudi na mtoto akapoteza gramu zote mia mbili. Mama Respa alipofika barazani akasema tu, "Umeona," na mimi nikaingia ndani nikashika chupa ya samli, nikawa naiangalia. Ningeimwaga. Nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Kilichonizuia hakikuwa imani, ilikuwa Simiyu kulia njaa huko nje na Mama Respa kuniita nilete samli, uji unapoa. Alikuwa ametoa ahadi ya mwezi na mwezi haukuwa umeisha. Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi hata anayoiona mbaya. Wiki hiyo daktari alibadilisha dawa ya kifua, na asubuhi moja Mama Respa alinijia ameshika nepi kwa mikono miwili, akaifungua mbele yangu nikiwa nakunywa chai. Akasema, "Angalia." Kilikuwa kinyesi cha kawaida, cha kahawia, kikavu, cha mtoto yeyote wa Bungoma. Tulikiangalia sote wawili. Sijui nani alianza kucheka. Jumanne ya nne mizani ikasema kilo saba na robo. Alimwinua Simiyu, akamweka tena, ikasema vilevile.

Tulipotoka kwa Makokha, Mama Respa hakufuata njia ya lango. Aligeuka akaenda mpaka mlango wa daktari, akasimama kwenye foleni nyuma ya wagonjwa, nami nikamfuata nisijue anataka nini. Alipoingia hakuketi. Akasema, "Daktari, siku ile uliniuliza kama kuna watoto wengine. Nilikudanganya. Walikuwa wawili. Andika." Daktari akavua miwani, akafungua faili la Simiyu, akamuuliza majina na umri. Nafula, miaka miwili kasoro. Wanjala, mitatu kasoro. Mama Respa alisubiri mpaka kalamu ikatulia, kisha akaomba asomewe alichoandika. Jioni ile alimpigia Barasa kwa simu ya kibandani, na mimi nilisogea mbali nisiwasikie. Barasa alikuja Jumamosi. Alimkuta mama yake barazani akipondaponda parachichi, akakaa chini karibu naye, na walikaa hivyo mpaka chakula kikawa tayari.

Kufikia Krismasi Simiyu alikuwa na kilo nane na nusu na alikuwa na mashavu. Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Kuna miezi vidonge havikufika na tukarudi kwenye viazi vya kuchemsha. Kuna miaka alikuwa mrefu, mjanja, mkorofi, mwenye kupenda mandazi kupita kitu chochote, na likizo zote alizimaliza Malakisi kwa nyanyake, ambaye hakumruhusu mtu mwingine amtilie samli. Lakini ugonjwa ule, hata ukiushinda tumboni, unabaki kifuani. Alifariki akiwa na miaka kumi na mitatu, kwa kifua. Nimejiuliza mara nyingi zile wiki saba zilimgharimu nini. Pengine hazikugharimu kitu. Pengine zilichukua mwaka, au miwili. Daktari alipostaafu nilimuuliza, naye akasema hajui, na kwamba hakuna anayeweza kujua.

Siku ya maziko ya Simiyu, watu walipomaliza kumwaga udongo, Mama Respa alinishika mkono tukasimama kando, karibu na mahali ambapo Barasa alikuwa amewajengea Nafula na Wanjala ukingo mdogo wa saruji. Alikuwa amezeeka na sauti yake ilikuwa chini. "Wale wawili niliwazika na njaa," akaniambia. "Huyu ameenda ameshiba." Kisha akaniachia mkono, akajifunga leso vizuri, akaenda kuwapakulia wageni.